Karibu ya mdomoni

Mabela, Alkhamisi usiku

Leo tena nimemdanganya Pieter, Mholanzi wa ofisini kwetu. Alikuwa akiwacheka Wamarekani: "Wananambia njoo kwetu siku moja. Nikiuliza siku gani, wanashangaa." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Nassor, karibu yako ya lini?"

Nikasema inshallah. Kumbe na mimi ni walewale. Mwaka mzima namkaribisha kwa mdomo, naona haya nyumba ilivyopoa tangu mke wangu afariki.

Kwetu Unguja, kabla sijahamia huku Mabela, mgeni akipiga hodi tu, mama anaongeza sahani. Nnaikumbuka sana nyumba ile.

Nimempigia Pieter sasa hivi. "Njoo kesho baada ya sala, napika wali wa nazi."

Akauliza: "Saa ngapi hasa?"

Mama hajapata kuulizwa hivyo.