Kofia ya Tata Isifike Nyumbani

Nyumba ya Vibarua, Camino del Pozo,
Torre-Pacheco, Murcia,
Hispania.
12 Juni

Mpendwa dada Orfilia,

Pokea salamu zangu nyingi za heshima. U mzima? Magoti je, bado yanakuuma ukishuka mtoni? Watoto wanaendeleaje, na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi nipo, nakula, nafanya kazi, ila utulivu sina. Barua hii nimeianza mara tatu. Naandika mistari miwili, nainuka, naenda mlangoni, narudi. Wenzangu wamechoka kuniona nikizunguka, wamenifukuza chumbani. Sasa nimekaa nje juu ya kreti la matikiti.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Kila nikipiga unaweka sauti ya nje, na baba yetu Tata anakaa ubavuni pako anasikiliza hata ninavyopumua. Haya si ya masikio yake. Atakayekuletea barua ni Osmín wa kwa seremala, anayerudi nyumbani Jumapili. Isome peke yako.

Nianze na langu. Wamenikata sikio. Usilie, si lote, ni ncha ya juu ya sikio la kushoto. Kile kidonda nilichokuambia kwamba nilikwaruzwa na kreti, nilikudanganya. Tangu mwaka jana kinakauka, kinabanduka, kinatoka damu, kinakauka tena. Mwezi uliopita daktari alichukua kipande, wakakipima, wakakuta saratani ya ngozi inayoletwa na jua. Wameitoa na wanasema imetoka yote. Mshono umeshafunga.

Kinachoninyima raha ni namna nilivyofika hapo. Unajua kila furushi la mizizi ya calaguala unalonitumia siliachi likae. Naichemsha asubuhi, nakunywa uchungu wote, naenda shambani. Basi mwaka jana nilipita mbele ya duka la dawa hapa mjini, nikaona dirishani vijiboksi vya vidonge vyenye picha ya jani. Nikasogea. Ni kangaga letu la calaguala, dada! Lilelile analolibandua Tata kwenye miti ya mialoni nyuma ya nyumba. Nilisimama pale kama mtu aliyekuta picha ya mama yake ugenini. Nikaingia nikauliza. Mama muuzaji akanieleza kwamba watu wanameza ili ngozi istahimili jua kidogo zaidi, lakini kofia na mafuta ya kupaka viko palepale, havipunguzwi. Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ilinipita, kwa sababu ya majivuno.

Kesho yake shambani nikawa mhubiri. Chepeo nikaitupa, mafuta wanayotugawia nikampa mwenzangu. Mzee Miloud, Mmoroko ninayepakia naye matikiti, akanitazama akasema, "Wewe bwana, unakunywa mizizi halafu unaacha masikio nje kama vishikio vya sufuria?"

Nikamjibu, "Baba yangu ana miaka sabini na moja, kafanya kazi juani maisha yote, na uso wake hauna hata doa. Ni mizizi hiyohiyo."

"Na kichwani anavaa nini?"

Nikacheka tu, nikainua tikiti jingine. Jibu lilinijia mwaka mzima baadaye, nimelazwa ubavu, daktari anashona sikio.

Tata alikuwa anakunywa calaguala na kuvaa kofia. Ile ya kusuka, yenye ukingo mpana, aliyosukiwa na mama. Sisi wote tukasifu chungu cha mizizi, kofia hakuna aliyeitaja. Na kofia hiyo, dada, alinivika mimi siku ninaondoka, pale kituo cha basi. Nami kwa kuogopa isichafuke na utomvu wa matikiti nikaitia katika mfuko nikautundika kwenye msumari. Miaka minne kofia iko pale. Mimi sikuivaa, na yeye tangu siku ile anavaa ile kepi ya bure ya wauza mbegu, ambayo hata pua haiifuniki.

Sasa unaniambia mdomo wake wa chini una gamba tangu msimu wa kahawa, linatoka damu akila mkate wa tortilla, na wewe unamwosha kwa maji ya calaguala na kumpa vikombe vitatu kwa siku. Hukukosea wewe. Ni mimi niliyepiga simu nikasema ongezeni, huku Wazungu wanaiuza dukani. Unakumbuka alivyocheka? "Wamechelewa sana hao!" Nilimfurahisha, na hilo ndilo linalonitembeza huku na huku leo. Nilimweleza daktari wangu habari za mdomo huo. Hakucheka. Alisema mzizi haujawahi kuponya kitu cha namna hiyo, na midomo haingojewi.

Najua atakavyokujibu ukimwambia hospitali. "Mimi si gari, nipelekwe gereji." Alinijibu hivyo mwaka ule alipoumwa jino. Kwa hiyo usimwambie hospitali.

Osmín amebeba na kofia. Nimemwagiza asiilete huko. Ataiacha mjini Tegucigalpa kwa binamu Reina, yule anayefua nguo hospitalini. Reina nimeshampigia, amekubali kumwombea Tata nafasi kwa daktari wa ngozi. Wewe mwambie Tata kwamba kofia ya mama imerudi, ila Reina haitoi kwa mtu mwingine ila mwenyewe. Atanung'unika, atamtukana Reina, halafu atavaa viatu. Kwa kofia ile atakwenda hata kwa miguu. Wakiwa pale, Reina atamshika mkono mpaka kwa daktari.

Akijua ni hila yangu, anitukane mimi. Nitapiga simu nisikilize matusi yote mpaka mwisho, nitashukuru kuyasikia yakitoka katika mdomo mzima.

Nisalimie shemeji Toribio, na shangazi Eusebia, na watoto mmoja mmoja kwa jina. Calaguala endelea kunitumia, nitakunywa, ila sasa nakunywa nikiwa nimevaa kofia ya majani niliyonunua sokoni. Mzee Miloud anasema nafanana na uyoga.

Mungu awalinde njiani mpaka Tegucigalpa na kurudi. Na tafadhali, dada, Tata akilia, akisihi, akigoma kula, kofia usiende kumchukulia.

Mdogo wako anayekupenda kwa sikio moja na nusu,
Nolvin