Neno la Akiba

Nyamiaga, Ngara

Ngassa wangu,

Huku maharage yametoa maua. Natengeneza programu ya simu ya chama chetu cha wakulima wa kahawa. Kurasa zake zimo moja ndani ya nyingine. Siku ya kupokea kahawa naiandika kwenye ukurasa wa juu kabisa, mara moja tu, na hata ukurasa wa ndani kabisa unaichukua wenyewe, bila kupitishiwa na zile za katikati. Nikiibadilisha juu, inabadilika kote.

Nikakuwaza. Tangu urudi kwenu Nyantakara kutafuta ng'ombe wa mahari, wazee wametukataza kupigiana simu. Unamwambia baba yako, yeye anamwambia mshenga, na mshenga shangazi yangu. Maneno yakinifikia, yamebaki "anakusalimu" tu. Kwani ndicho ulichosema?

Kwenye programu, siku ya kupokea isipoandikwa juu, ukurasa hauachwi mtupu, unaonyesha neno la akiba nililouwekea: "Subirini." Na binti yetu Nice, akiulizwa baba yuko wapi, hujibu nilivyomfundisha: "Yuko njiani."

Jana aliniuliza ni njia ipi.

Ni mimi, bado wako,
Theodosia