Ratih Mwingine wa Manispaa

Marloes, uko?

Ratih, yule mwanafunzi Mwindonesia wa chumba cha juu yangu, leo alikwenda manispaa kuandikisha makazi. Karani akamwambia, "Dada, wewe umeshaandikishwa tangu Machi."

Machi! Mtoto wa watu kafika Uholanzi Agosti!

"Labda mmekosea."

"Hatujakosea. Ulikuja mwenyewe, na pasipoti mkononi."

Machi ndipo Ratih alipomtumia mwenye nyumba wetu picha ya pasipoti yake ili ashikiwe chumba.

Kuna mtu kajiandikisha kwa jina lake tangu Machi, Marloes!

Sasa yuko kwangu, mwanangu kamlalia mapajani. Namwambia yatakwisha, kesho asubuhi tunakwenda polisi. Mara simu yake ikalia. Ujumbe wa mwenye nyumba: "Binti, manispaa ulifuata nini?"

Na hatukuwa tumemwambia mtu yeyote. Aliyejua ni yule karani tu.