Viti Visivyokunjika

Temeke, Ijumaa, Agosti 1957

Mume wangu Salum,

Ni mwezi wa nne sasa tangu wakubebe, na bado sijavuka kizingiti cha mlango wa mbele. Eda ina siku zake, nami sizilalamikii. Nakuandikia kwa sababu jana nimechagua viti bila wewe, na yaliyofuata sina mwingine wa kumweleza.

Unakumbuka siku ile Kariakoo? Ulikuwa umetoka kazini, wino umevuja kwenye mfuko wa shati, tukampitia yule fundi anayesuka kamba za plastiki kwenye viti vya chuma. Tulikuwa hatujapata kuviona. Kamba nyekundu na za kijani, zinang'aa kama zimelowa. Fundi akachota maji kwa kopo, akayamwaga juu ya kiti. Yakapita yote hadi chini. Akafuta kwa kiganja, akasema, "Kaa, bwana." Ukakaa. Ukaegemea. Ukafumba macho. Watu wakajaa nyuma yetu, mpaka mama mmoja mwenye kapu akauliza, "Baba, unanunua au umehamia?" Ulicheka kuliko wote, lakini hukuinuka.

Njia nzima ya kurudi ulikuwa unapanga. Viti vinne. Mchana tulie mezani, jioni tuvitoe barazani, mvua ikinyesha vibaki huko huko, na mchwa wakivijaribu wang'oke meno. Mimi nikasema jamvi letu lina ubaya gani. Ukanijibu, "Halina ubaya. Ila naona unavyoshika goti ukiinuka." Nilidhani naficha vizuri.

Wiki haikuisha, homa ikakuchukua.

Fundi hakupata habari mpaka juzi, mdogo wangu Mwajuma alipopita kwake. Alisikitika sana. Akauliza kama bado tunavitaka, maana siku hizi ana na vya kukunja, vya turubai. Akampa Mwajuma kimoja kimoja, aje navyo nikavikalie mwenyewe, kwa kuwa mimi siwezi kwenda. Mwajuma alivuka mtaa mzima na viti viwili kichwani. Jirani yetu wa mkono wa kulia akampigia kelele dirishani, "We Mwajuma! Eda haijaisha mnaleta viti, kuna posa?" Mwajuma naye hana breki: "Ipo! Ya kwako, mama, tumekutafutia kijana!" Nilicheka, Salum. Nikaziba mdomo kwa kanga, maana sikujua kama inafaa.

Nilivikalia uani, ndipo mahali pekee ninapoona mbingu, na yenyewe ni kipande tu kinachobaki kati ya paa na ua wa makuti. Saa naijua kwa kivuli cha ua kikifika kwenye mtungi. Nawasikia watu wakipita, wakisalimiana, wakigombea samaki, na mimi nimo humu kama kitu kilichowekwa akiba. Kile cha turubai kilikuwa laini, lakini kilinimeza. Kutoka ilibidi Mwajuma anivute. Cha kamba kilinishika mgongo, nikainuka mwenyewe.

Nilikuwa bado sijasema neno, kaka yako Bakari akabisha hodi. Amerudi kutoka Kilwa tangu Jumatatu. Nikaingia ndani nyuma ya pazia, yeye akakaribishwa ukumbini, na Mwajuma akamwekea viti vyote viwili achague. Akakaa kwenye cha turubai.

"Hivi ndivyo, shemeji," akasema. "Chukua hivi. Vinakunjika, vitaingia kwenye lori."

"Lori gani, shemeji?"

"La Kilwa. Ukitoka eda tu, tunakwenda. Nyumba hii nimeshapata mtu. Mwanamke peke yake mjini, watu watasemaje?"

Aliyasema kwa upole, Salum. Kakako si mtu mbaya. Alizungumza kama mtu anayenikumbusha jambo tulilokwisha kukubaliana, na mimi kumbe ndiyo kwanza nalisikia. Nilishika pazia. Niliutazama ukuta ule tulioukandika mimi na wewe, alama za vidole vyako bado zipo pale juu nisipofika. Nikajiona nimetoka kwenye eda hii na kuingia nyingine isiyo na hesabu ya siku, kwenye ua wa watu, nikingoja kuambiwa.

Nikasema, "Mwajuma, mwambie fundi nataka visivyokunjika. Vinne, kama alivyotaka marehemu."

Kisha Bakari akasema, "Mjane na viti vinne. Atakaa nani?"

"Watakaokuja kunisalimu hapa hapa."

Hakukasirika. Alisema tu kwamba nimechoka, kwamba siku ya kutoka eda atakuja na wazee wawili tuyamalize. Kisha akaniaga. Mwajuma alikuwa anaruka kwa furaha. Mimi nikakaa chini palepale sakafuni.

Siku zimebaki chache. Nimekuwa nikifanya hesabu: wazee wawili na kakako ni watatu. Viti vitatu nitawapa wao. Cha nne nitakivuta mwenyewe, nikae nao uso kwa uso, bila pazia, nijisitiri kwa ukaya wangu kichwani, niwaambie nabaki. Wanaweza kukataa. Sijapata kuwajibu wanaume wakubwa nikiwa nimekaa sawa nao, na sijui sauti yangu itatoka vipi. Naogopa, Salum. Naogopa zaidi nikinyamaza.

Mungu akulaze pema. Siku hiyo, huko uliko, unikumbuke.

Mkeo,
Zena