Imekubali Kwenye Mashine Zote Mbili, Dada

Dada Sekela,

Imekubali! Ungekuwepo ungenipiga lile kofi lako la mgongoni.

Ile programu ya kuchapa fomu za mizigo sasa ni moja, kama ulivyotaka. Unakumbuka nilikuwa na faili mbili? Moja ya mashine ya Windows, nyingine ya ile tuliyoiwekea Linux, flashi za madereva zilipotujazia virusi. Nikarekebisha moja, nikasahau nyingine, dereva akarudishwa na fomu mbovu kwenye geti la mpaka. Akaja anafoka. Ukamwomba msamaha wewe, wakati kosa langu. Sijasahau.

Tulipotoka kukuzika kijijini Mbebe, mama akasema duka tufunge. Nikamwomba wiki moja tu. Nikaunganisha zile faili, nikawasha... Linux ikagoma mstari wa kwanza! Nilikuwa nimeita maktaba zote, yaani vile vifurushi vya msaada programu inavyoazima, pale juu, hata ile ya printa ambayo iko Windows tu. Linux inaitafuta, haina, inazima kila kitu. Siku tatu, Dada. Nilitaka kuipiga teke.

Siku ya nne asubuhi likasimama lori. Nikajikuta nachungulia namba ya gari kabla sijafungua mdomo. Kama wewe! Ikiwa ya Zambia, unatoa salamu yako ya Kibemba, "Mwapoleni mukwai". Ya kwetu, Kiswahili. Na siku ile ulivyonicheka: "We mropokaji, mzee wa watu katoka hapa Mbozi tu na kahawa yake, unamwamkia Kibemba? Angalia kwanza, ndiyo useme!"

Angalia kwanza. Yaani nilimwacha dereva amesimama mlangoni, nikakimbilia kibodi. Programu iulize kwanza iko kwenye mashine gani. Ni Windows? Iite maktaba ya Windows. Ni Linux? Ile ya Windows isiiguse kabisa, iite ya kwake. Mistari minne, basi!

Fomu ya yule dereva ikatoka kwenye Linux. Nikaichapa tena kwenye Windows. Mama akazibandika moja juu ya nyingine dirishani kwenye mwanga, zimelingana mpaka nukta. Hakusifia, unamjua. Kasema tu, "Kesho uwahi kufungua."

Juu kabisa ya programu nimeandika jina lako. Ni maelezo ya kusomwa na watu tu, mashine inauruka huo mstari, ila mtu yeyote atakayeifungua ataanza na wewe.

Pumzika, Dada. Duka halifungwi, na faili hazitakuwa mbili tena. Na kuropoka nitaacha... nitajitahidi.

Mdogo wako,
Tito