Kilichomuua Bahati Si Chakula

Dada yangu, mama wa Bahati,

Amani ya Bwana ikae nawe na wote waliomo katika nyumba ya baba yetu huko Baraka. Je, mguu wako umepata nafuu? Mimi hapa Rumonge mwili ni mzima; moyo ndio unaoniuma.

Nilikuandikia kwamba mwanao alikutwa amekufa kitandani hapa kwangu, baada ya kula sombe ya majani ya muhogo kwa Mama Jeannine, jirani anayewapikia wavuvi. Daktari alimpima asione kitu, nasi tukasema: ikiwa hospitali haioni kitu, basi ni sumu ya watu, ile ya uchawi. Chini ya godoro nilikuta vikaratasi vilivyokunjwa vyenye unga. Nikavidhania hirizi za yule mama, nikavionyesha kwa waombolezaji, kisha nikavichoma nikiomba. Yeye aliniambia mbele ya wote, "Baba Shemasi, na wewe ulikula chungu ile ile. Mbona uko muzima?" Nikamjibu kwamba mwenye sumu huchagua sahani. Jioni hiyo watu walibomoa jiko lake, akakimbilia Muhuta na watoto wake.

Juma lililopita daktari aliniita. Alikuwa amehifadhi damu kidogo ya Bahati, akaipeleka nje ya nchi. Alinieleza kwa upole kwamba vipimo vya hapa hutambua dawa zinazojulikana tu, lakini hii ni mpya: dawa kali ya usingizi ambayo wauzaji huichanganya katika unga wa kulevya. Mtu husinzia, pumzi zikapungua hadi zikakoma. Akaniuliza kama tulikuta unga wowote, apate kuupima na kuwaonya wengine. Dada, nilimkiria kwamba tuliukuta, nami nikauchoma pamoja na vile vikaratasi.

Jumapili nitaungama kanisani. Lakini barua yako ya kumshtaki Mama Jeannine ingali kwa mkuu wa mtaa, na usipoifuta, mama yule hawezi kurudi nyumbani kwake. Ni mimi niliyekushauri uiandike. Sasa nakusihi uifute. Najua utaona haya watu wakisikia kwamba mwanao alitumia unga. Haya hiyo ni yetu. Tumembebesha mwanamke asiye na hatia.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako anayeniombea kila asubuhi. Msalimie pia mdogo wake Bahati, na umweleze wewe mwenyewe, bila kuficha, kilichomuua kaka yake.

Nduguyo akupendaye katika Kristo,
Shemasi Yakobo