Choo cha Baba Mkwe

Alhamisi

Nacheka peke yangu humu ndani. Mume wangu akiamka atasema mimba imenipanda kichwani.

Choo kipya kilipoisha, baba mkwe alinikataza kukiingia. Kwa mila zetu, choo alichoingia mkwe wake, yeye haingii tena. Basi mzee akawa na choo cha bati na sakafu ya saruji, mimi na tumbo hili nikaachiwa vichaka. Na sasa miti ya pamba imeng'olewa na kuchomwa, shamba ni jeupe, pa kujificha hakuna. Nyoka nao! Kila nikichuchumaa naogopa.

Leo akaja bwana afya kukagua vyoo. Akamuuliza mzee, "Hiki mnatumia wote?"

"Wote kabisa," mzee akajibu, kifua mbele.

Nikampigia goti bwana afya na adabu zangu zote. "Shikamoo, baba. Ni kweli. Hata mimi natoka humo sasa hivi."

Uso wa baba mkwe! Akinikanusha, bwana afya atajua nani kadanganya. Akaitikia kwa kichwa.

Jioni nikamwona anakatiza shamba lile jeupe, anageuka huku na huku kutafuta kichaka. Kesho mume wangu anaanza kumchimbia shimo la choo chake.

Mama mkwe akanifuata jikoni, akaninong'oneza, "Mayu, mkwe wangu, hivi kweli ulikuwa umeingia?"

"Bado, mama," nikamwambia. "Ndiyo naenda."